Wanafunzi wa nje wanaokuja "kujitolea" hospitalini: waangalie tu, au washike wagonjwa?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nesi wa leba, hospitali moja mkoani Kilimanjaro. Ikifika Juni tunaanza kupokea wageni wa kujitolea. Juzi binti wa miaka 20, mpole kabisa, alisimama pembeni yangu mama akijifungua. Mama akachanika kidogo. Binti akaniuliza kama anaweza kushona yeye.

Nikamuuliza, uko mwaka wa ngapi? Kumbe udaktari hata hajaanza! Kwao Marekani husomwa baada ya digrii ya kwanza; yeye anasoma baiolojia, anatafuta cha kujazia maombi ya chuo. Mama wa watu akaona koti jeupe na ngozi nyeupe, akamwita "dokta" mara tatu. Mimi niliyempokea tangu alfajiri ananiita "dada".

Kijana wetu anasoma miaka 5, halafu mwaka mzima wa utarajali, ndipo apate usajili kamili wa Baraza la Madaktari. Mgeni kalipa wakala wa huko kwao, siku ya pili yuko leba. Hii imekaaje? Leteni hoja.

Mchangiaji 1: Mleta mada, usiwachanganye. Wapo wa Uingereza wa miaka ya mwisho, wanakuja wiki kadhaa kama sehemu ya masomo yao. Hao wamefundishwa. Na wetu si wanajifunzia kwa wagonjwa hao hao? Tena wageni wanalipa ada, hospitali inapata chochote.

Mchangiaji 2: Chochote kwa mgongo wa nani? Kumbukeni Jinja, Uganda. Renee Bach, Mmarekani asiyesomea udaktari, alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2019 akina mama wawili waliofiwa na watoto wakamshtaki. 2020 wakamalizana kwa fidia, bila yeye kukiri kosa.

Mleta mada: Mchangiaji 1, hao wa mwaka wa mwisho sina ugomvi nao, wakae na msimamizi na mgonjwa aulizwe kwanza, kwa Kiswahili, kama anakubali. Wetu akikosea najua mwalimu wake ni nani. Huyu akikosea, Jumamosi yuko Serengeti, Jumatatu yuko kwenye ndege.

Mnaouliza yule binti iliishaje: umeme ulikatika, nikampa simu yangu animulikie. Alimulika vizuri, mkono hautikisiki. Nikashona mwenyewe.