Naombeni ushauri: kempavani ya pauni 19,500, familia ya kipato cha kawaida inaibeba?

Baba Tausi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa kumi na moja huu. Mke wangu ni muuguzi, mimi nafanya kazi ghalani zamu ya asubuhi. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 6. Kuna jambo linaninyima usingizi, na ndugu wa nyumbani nashindwa kuwaeleza.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikodi kempavani, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, tukaenda Barmouth, Wales. Siku tatu, na mbili kati ya hizo mvua haikukatika. Lakini mke wangu, ambaye akitoka zamu za usiku hulala kwa vipande, usiku wa kwanza alilala saa tisa mfululizo. Mtoto mdogo alikaa mlangoni na blanketi lake akiangalia bahari, hakuulizia simu hata mara moja. Tangu hapo dada yake ananiuliza kila wiki tunarudi lini.

Sasa nimepata moja inauzwa. Volkswagen T5 ya 2012, dizeli, imetembea maili 96,000, paa la kunyanyua, sehemu za kulala watu wanne, jiko la gesi na friji ndogo. Mwenyewe anataka pauni 19,500. Akiba yetu yote ni 13,500. Hiyo 6,000 inayopungua benki iko tayari kutukopesha kwa miaka minne, marejesho karibu 150 kwa mwezi.

Na humo ndani ya akiba imo hela ya kupaua nyumba ya mama, Muheza. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi. Fundi amepiga hesabu ya mbao na bati, kama milioni 14, yaani pauni elfu nne na kitu.

Mnaomiliki haya magari, kwa mwaka yanawatoa kiasi gani hasa? Na mtu wa kipato chetu anaanzaje kusema gharama hii ni halali?

Binti Lushoto

Kaka, paa kwanza. Kuta zikinyeshewa misimu mitatu utajenga upya. Hayo mengine yatafuata.

Mama Salha, Reading

Kaka Baba Tausi, ninalo langu mwaka wa tano sasa, karibu sawa na hilo unalolitaka. Nakupa hesabu zangu za mwaka uliopita kutoka kwenye daftari.

Bima pauni 600. Kodi ya barabara 345. Ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, MOT, bei ya juu kabisa kisheria ni 54.85, basi weka 55. Sevisi, matairi mawili na breki, 700. Hapo ni 1,700 na sijaweka hata lita moja ya dizeli. Sisi hatuna nafasi ya kuegesha nyumbani, nalipia uwanja pauni 40 kwa mwezi, 480 kwa mwaka. Halafu kuna hela usiyoiona inatoka, thamani ya gari inayoshuka. Mimi naiwekea 1,000 kwa mwaka ili nisijidanganye. Jumla 3,180.

Sasa gawa kwa idadi ya usiku unaolala ndani. Ukilala usiku 20, kila usiku umekula pauni 159, na bado hujalipa kambi. Ukilala 40, unashuka hadi kama 80. Kukodi gari la aina hiyo majira ya joto ni kama 120 kwa usiku. Kwa hiyo mstari uko kwenye usiku 26 au 27. Chini ya hapo, kukodi ni rahisi. Juu ya hapo, lako linaanza kujilipa. Na wewe ongeza riba ya mkopo, kwa marejesho uliyotaja ni kama pauni 290 kwa mwaka, basi mstari wako unasogea hadi 29.

Kambi usiziogope sana. Kambi kubwa zenye mabafu na umeme ni pauni 30 na zaidi kwa usiku, likizo za shule zinapanda. Lakini ukijiunga na klabu kama Caravan and Motorhome Club unapata vikambi vidogo vya mashambani visivyopokea zaidi ya magari matano. Bomba la maji, mahali pa kumwaga choo, kondoo ng'ambo ya uzio. Mimi nalipa 15, mara nyingine 18. Nusu ya usiku wetu tunalala huko, na ndiko watoto wanakopapenda.

Juma wa Cardiff

Mimi nililiuza, na nadhani ni vizuri usikie na upande huu.

Nililinunua nikiwa na hamu kama yako. Mwaka wa kwanza tulilala usiku 11. Mwaka wa pili, 8. Gari halikuwa na tatizo lolote, tatizo lilikuwa muda. Kwenye hamu yangu niliona wikendi 52, lakini zikitoka zamu, harusi, misiba, madrasa ya watoto, mafua ya Novemba na baridi ya Januari, zilibaki chache mno. Kila nikilipita pale uwanjani nilijisikia vibaya, kama mtu anayefuga mnyama asiyempa chakula. Na usifikirie kuwatoa watoto shuleni katikati ya muhula ili uongeze siku. England faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inapanda mara mbili.

Simzuii mtu. Lakini usinunue kabla hujakaa na kalenda.

Fundi Athumani, Birmingham

Baba Tausi, hapo kwenye dizeli ya 2012 simama kidogo. Dizeli za miaka hiyo kwa kawaida ni Euro 5, hilo ni daraja la usafi wa moshi. London inataka Euro 6 kwa dizeli, la sivyo unalipa pauni 12.50 kila siku unayoliendesha mle ndani, na tangu Agosti 2023 ni London yote hadi pembezoni. Huku kwetu katikati ya Birmingham ni pauni 8 kwa siku. Una ndugu London? Ukienda Jumamosi ukarudi Jumapili, umeacha 25 barabarani kabla ya chai. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, jibu unalipata papo hapo.

Ukienda kuliangalia, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa ya baridi ndiyo inasema ukweli. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti, kwa mdomo usikubali. Piga magoti uangalie kutu chini ya milango na kwenye matao ya matairi. Halafu nyanyua paa, shika turubai lake kwa mkono, nusa. Harufu ya ukungu humo ndani haidanganyi, na turubai jipya si bei ya kitoto.

Cha mwisho, na nimeona watu wakikisahau, hesabu mikanda ya viti. Vitanda vinne si viti vinne. Mengine yamebadilishwa na watu majumbani, kiti cha nyuma kimefungwa kwenye mbao tupu. Watoto wako bado wanahitaji viti vyao, sheria ni hadi miaka 12 au sentimita 135. Kama kiti cha nyuma hakina nanga za uhakika kwenye chasisi, ondoka, hata akikupunguzia elfu tano.

Mzee wa Hamburg

Vijana, salaam. Huku Ujerumani kuna kitu kimetusaidia wengi. Unasajili gari kwa msimu tu, tuseme Aprili hadi Oktoba, namba yenyewe inaandikwa miezi, na kodi na bima unalipa ya miezi hiyo. Kwenu Uingereza sijasikia namba za msimu, ila mnaweza kutangaza kwamba gari halipo barabarani, mnaita SORN, na mnarudishiwa kodi ya miezi kamili iliyobaki. Sharti liwe limeegeshwa nje ya barabara ya umma. Mama Salha, wewe unayelipia uwanja umejaribu?

Na wewe Baba Tausi, nikuulize kama mzee wako. Una gari jingine?

Baba Tausi

Shikamoo Mzee. Ndiyo, tuna gari dogo la 2015, tunalitumia wote wawili. Nyumbani tuna nafasi ya kuegesha magari mawili, kwa hiyo ile 480 ya uwanja kwangu haipo.

Fundi, asante sana. Nimeingiza namba, kweli halipiti London. Na shemeji yangu anakaa Barking, humo humo London, tunakwenda karibu kila mwezi. Hili sikuwa nalijua kabisa.

Mzee wa Hamburg

Marhaba. Nimeuliza kwa sababu katika ninaowafahamu, waliodumu na haya magari ni wale walioyafanya gari la kila siku. Waliuza lile dogo. Hapo bima ni moja, kodi moja, matengenezo moja, na kitanda kinakuwa nyongeza. Wenye mawili wanaishia kuuza moja, na mara nyingi linalouzwa ni la kulala.

Mama Salha, Reading

Mzee, SORN nilifanya baridi mbili. Niliacha kwa sababu sisi tunalala hata Februari, tuna hita.

Na kuhusu la kila siku, ni kweli, mimi langu ndilo linanipeleka kazini siku mbili kwa wiki. Lakini chunga urefu. Maegesho mengi ya ghorofa yana kizuizi cha mita 2 na langu linapita kwa kunusa. Hospitali anayofanya kazi mkeo apime kwanza.

Kaka, nikwambie na jambo lisiloingia kwenye daftari. Mume wangu alipougua, ile miezi ambayo hatukuweza kupanga chochote wiki mbili mbele, gari lile ndilo lilituwezesha kusema Ijumaa jioni "leo ana nguvu, twende", na saa moja baadaye tuko njiani. Gari la kukodi lazima uliwekee nafasi mapema. Kwa hiyo watu wakikwambia ni anasa, sikubaliani nao. Ila mimi wakati ule sikuwa na paa la mama linalosubiri.

Binti Lushoto

Dada Mama Salha, pole sana, na asante kwa kutuambia. Sikusema ni anasa. Baba yangu alikufa akiwa kwenye nyumba ya kupanga wakati nyumba yake ilikuwa imefika kwenye linta, na sisi watoto wote tupo, tuna kazi. Ndiyo maana nilijibu kwa haraka vile.

Baba Tausi

Nimerudi, wiki imepita. Asanteni wote, na Binti Lushoto, maneno yako ya mwisho nilimsomea mke wangu.

Tulifanya alivyosema Juma. Jumapili tulitandika kalenda mezani, ratiba ya zamu zake upande mmoja, mihula ya shule upande wa pili. Mimi nilipata usiku 31 kwa mwaka mzima, nikafurahi. Yeye akachukua kalamu, akafuta kila usiku unaofuata zamu ya usiku, kwa sababu siku hiyo hawezi kukaa garini kwa muda wa saa tatu na hatanidanganya kwamba anaweza. Alifuta 9. Zikabaki 22.

Bila uwanja mstari wangu ni kama 25, na hapo London sijaihesabu. Nimempigia muuzaji nikamwambia ukweli kwamba sitaweza, akanishukuru kwa kutomzungusha.

Jumatatu nimetuma ya mbao. Fundi wa Muheza anaanza kuezeka kabla ya masika. Mama alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu, nikadhani laini imekatika.

Kempavani sijaiacha. Mwaka huu tunakodi mara mbili, likizo fupi ya mwezi wa tano na wiki moja ya Agosti, na binti ameanza kuandika kila usiku tuliolala kwenye kitabu chake. Gari dogo likifika mwisho wake, tutafungua tena ukurasa huu, safari hiyo tukitafuta la Euro 6 na la kila siku, kama alivyosema Mzee.

Ombi moja limebaki. Yupo anayemfahamu mtu anayekodisha karibu na Leicester, gari lenye mikanda ya uhakika kwa watu wanne na paa la kunyanyua? Kijana anataka kulala juu.

Fundi Athumani, Birmingham

Ninaye mteja Nuneaton, anakodisha kwa bima kamili. Viti vya nyuma vya gari lake nilivikagua mwenyewe, vimefungwa kwenye chasisi. Nakutumia namba yake faragha. Mpigie mapema, mwezi wa tano huwa unajaa.