Mrejesho: mtambo wa kuzamisha chambo wa kujitengenezea

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kushusha chambo kina kirefu boti ikiwa mwendoni, bila mtambo wa dukani. Rimu ya baiskeli imefaa kabisa kuzungushia waya, na risasi ya kilo 4 (uzito wa kuzamishia chambo) niliyoiwekea pezi la bati haizunguki tena kama pia. Waya wa chuma ulivuma mno majini. Aliyesema nitumie kamba nyembamba ya kusuka, ubarikiwe, kelele kwisha.

Kibanio cha nguo, kinachoshika mshipi huko chini hadi samaki aukamate na kuufyatua, ndicho kilichonitesa, kiliachia mshipi kwa wimbi tu. Nimekizungushia mpira, kinashika, ila nguru wadogo wanaburutwa bila kukifyatua. Boti ikikaza mwendo risasi bado inabaki nyuma na chambo kinapanda. Napunguza mwendo, maana mkono wa mbao unaobeba mtambo hauhimili risasi nzito zaidi.