Mtandao wa mtaa kujiandikia moduli ya kerneli kwa C: ni ujasiri au ni kujitafutia balaa?

Mwenye_Mnara
Wakuu, habari za jioni. Nina mtandao mdogo huku Umoja, Nairobi, ploti kumi na moja, wateja kama mia tatu jioni ikikolea. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani ya zamani, Linux, kumbukumbu gigabaiti nne, imekaa chini ya ngazi kando ya mita za maji. Tunauza bando kwa saa na kwa megabaiti.

Kijana wangu, katoka chuo juzi, aliniambia njia tuliyokuwa tukihesabia megabaiti inachelewesha watu. Akaandika moduli ya kerneli, yaani kipande cha programu kinachoingia ndani ya kiini cha Linux, kwa lugha ya C. Kila paketi (kifurushi cha data) ikipita anaongeza baiti kwenye hesabu ya mteja, bando likiisha paketi inatupwa. Wiki tatu mambo yalikuwa shwari. Jumamosi, mechi ikiwa kipindi cha pili, seva ikazimia. Ufunguo wa ile ngazi ninao mimi, na mimi nilikuwa ndani ya matatu Thika Road, foleni imeshika. Nilipofika mechi imeisha na nimeshatukanwa hadi na mama wa uji.

Kijana simlaumu. Ninachouliza: sisi wa mitandao ya mtaa tuna haki gani ya kuingiza msimbo wetu wenyewe ndani ya kerneli wakati watu wamelipa? Au tukae na vifaa vya dukani?

Sufuri_na_Moja
Jibu ni fupi: hamna haki. Programu ya kawaida ikikosea hufa peke yake. Moduli ikikosea inaondoka na nyumba nzima. Mmesahau Julai 2024? CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walituma faili moja mbovu, kiendeshi chao kiko ndani ya kerneli ya Windows, kompyuta milioni 8.5 zikaganda kwenye skrini ya samawati na ndege zikabaki chini. Hao ni watu wenye idara nzima ya kupima. Wewe una kijana na ngazi.

Halafu eBPF, njia ya Linux ya kuingiza programu ndogo kwenye kerneli kwa ulinzi, ipo tangu 2014. Unaandika programu yako, mkaguzi wa kerneli anaisoma kabla haijaingia, akiona unagusa kumbukumbu isiyo yako anaikataa. Anayeng'ang'ania moduli ya C leo anataka sifa tu. Ukweli ni kwamba wengi wa hii mitandao ya mtaa ni mafundi wa waya tu waliojipandisha cheo.

Mzee_wa_Krimpa
Hiyo "tu" umeiweka hapo ya kazi gani?

Sufuri_na_Moja
Mzee, sikukulenga wewe.

Mzee_wa_Krimpa
Ulilenga nani basi, mwizi wa waya? Nivumilie nikupe historia kidogo. Kulikuwa na siku hapa Nairobi barua pepe ya kutoka mteja wa kampuni moja mjini kwenda mteja wa kampuni nyingine mjini humu humu ilipanda setilaiti, ikazuru ng'ambo, ndiyo irudi. KIXP, kituo cha kampuni za intaneti za Kenya kubadilishana trafiki, ilipofunguliwa mwishoni mwa 2000 ili trafiki ya nyumbani ibaki nyumbani, haikumaliza mwezi, ikafungwa kwa malalamiko ya Telkom na mdhibiti. Ikarudi Februari 2002. Waliovuta zile nyaya hawakuwa na eBPF. Walikuwa na koleo na ngazi. SEACOM, ile kebo ya intaneti ya baharini, ilipotua Mombasa 2009 nyinyi mlikuwa mnacheza kati.

Jini_la_C
Mzee umesema kweli lakini umetoka nje ya uwanja. Mimi nimjibu huyu wa "sifa".

WireGuard ni nini? Ni moduli ya VPN, yaani njia ya siri ya mtandao, ya C, ndani ya kerneli. Mistari elfu nne hivi. Jason Donenfeld aliianza, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akaisifu hadharani 2018, ikaingia rasmi kwenye Linux 5.6 mwaka 2020. Kabla ya hapo watu walikuwa na OpenVPN, kila paketi ipande hadi kwenye programu ya kawaida, ifungwe, ishuke tena. Nani alitaka sifa hapo? Na huyo mkaguzi wako wa eBPF unayemwabudu, amewahi kupatikana na matundu yake mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Askari wa geti naye huibiwa.

Sufuri_na_Moja
Donenfeld ni mtaalamu wa usalama. Kijana wa Umoja ni Donenfeld?

Jini_la_C
Donenfeld alizaliwa akiijua kerneli?

Kaa_Kimya
Andikeni kwa Rust, lugha inayolinda kumbukumbu. Imo kwenye kerneli tangu 6.1, Desemba 2022.

Jini_la_C
Tulijua utakuja.

Paketi_Iliyopotea
Mwenye_Mnara, kabla hawajaanza kurushiana viti, unaweza kutuwekea ile sehemu ya moduli inayopokea paketi? Ile function iliyosajiliwa Netfilter, sehemu ya kerneli inayochuja paketi. Usiweke yote.

Mwenye_Mnara
Nimemuuliza kijana, kanitumia hii. Anasema imeingilia NF_INET_FORWARD, mahali zinapopita paketi za wateja kwenda nje.

```
m = kmalloc(sizeof(*m), GFP_KERNEL);
m->anwani = iph->saddr;
m->baiti = ntohs(iph->tot_len);
list_add(&m->orodha, &miunganisho);
```

Anasema hii inaendeshwa kila muunganisho mpya ukifunguliwa, si kila paketi.

Ploti_Namba_Nane
Mimi nirudi kwa fundi wa waya. Sufuri_na_Moja, wewe unajiita nani? Nimeangalia jina lako pale pembeni, umejiandika "mhandisi wa programu". Sheria ya Wahandisi ya 2011 iko, na Bodi ya Wahandisi iko. Kujiita mhandisi bila kusajiliwa ni kosa. Namba yako ya usajili ni gani?

Sufuri_na_Moja
Kila mtu duniani anajiita hivyo.

Ploti_Namba_Nane
Dunia nzima haiishi chini ya sheria za Kenya. Kumbe fundi ana cheo halali kuliko wewe, yeye hakudanganya mtu.

Mzee_wa_Krimpa
😂😂 Mwacheni, asije akatuletea mkaguzi.

Paketi_Iliyopotea
Nimeiona. Mwenye_Mnara, sikiliza vizuri maana hapa ndipo seva yako ilipoanguka.

Paketi inapopita pale, kerneli iko katikati ya kazi ya kadi ya mtandao. Hapo hairuhusiwi kulala, hata kidogo. GFP_KERNEL maana yake ni "nipe kumbukumbu, na ikikosekana niko tayari kungoja". Kungoja ndiko kulala. Siku za kawaida kumbukumbu ni tele, hakuna anayengoja, kwa hiyo kosa limejificha. Siku kumbukumbu inabana, inajaribu kulala mahali pasipolalwa, na mashine inaenda. Hapo huandikwa GFP_ATOMIC: nipe sasa hivi au niambie hapana.

La pili, hata akiambiwa hapana hajali. Hakuna mstari unaouliza kama m ni NULL, yaani kama kumbukumbu imekosekana. Anaandika tu juu ya hewa.

La tatu ndilo linalonisumbua. Hiyo orodha inapunguzwa wapi? Sioni kfree, ile ya kurudisha kumbukumbu.

Mwenye_Mnara
Anasema iko, lakini inaendeshwa moduli ikitolewa. Sasa ndiyo nimeelewa kitu. Kila usiku saa tisa huwa anaitoa moduli na kuirudisha. Mimi nilidhani anaipumzisha.

Paketi_Iliyopotea
Haipumziki, inatapika. Simu moja ikifungua video na mitandao ya kijamii inafungua miunganisho kadhaa kwa sekunde. Kwa watu mia tatu orodha inanenepa kutwa nzima, usiku inamwagwa. Jumamosi mlikuwa wengi kuliko kawaida, haikufika saa tisa. Mwambie siku nyingine apime kwenye kerneli iliyojengwa na CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, inayonasa anayetaka kulala mahali pasipolalwa. Ingemfokea kwenye muunganisho wa kwanza kabisa, mezani kwake, kabla ya mama wa uji.

Sufuri_na_Moja
Ndiyo hoja yangu hiyo! Neno moja tu, na mtaa mzima uko gizani. Kwenye eBPF asingeweza hata kuandika kosa hilo.

Jini_la_C
Neno moja, na limeonekana kwa mistari minne. Hiyo ndiyo hoja yangu mimi. C haikufichi kitu. Mtoto akianguka na baiskeli hufungi barabara.

Sufuri_na_Moja
Akianguka amebeba abiria mia tatu, nafunga.

Mzee_wa_Krimpa
Na mimi nashangaa, mnabishana C na eBPF wakati kazi yenyewe haikuhitaji kuandikwa. Kuhesabu baiti na kukata, nftables, kichujio cha paketi, inafanya, iko ndani ya Linux tangu 3.13, mwanzoni mwa 2014. Unaweka kota, unaipa kiwango, ikifika inatupa paketi. Imeshaandikwa, kwa C, ndani ya kerneli, na watu wanaojua. Nimeiweka kwa jengo moja Pangani mwaka wa nne huu. Mimi fundi wa waya tu.

Ploti_Namba_Nane
Mzee, umetupa bomu ukanywa chai.

Jini_la_C
Mzee, ukifuata hivyo hakuna atakayejifunza kitu. Kila siku tutakuwa watu wa kuweka vya wenzetu. Hata Torvalds mwaka 1991 angeambiwa mfumo wa Minix upo. Na 1992 profesa Tanenbaum, mwenye Minix, alimwambia kweupe kwamba ubunifu wake umepitwa na wakati. Yuko wapi leo? Namaanisha Linux iko wapi leo.

Mzee_wa_Krimpa
Ajifunze, nani kamkataza? Ajifunzie kwa mashine yake. Torvalds hakuuzia mtu bando.

Sufuri_na_Moja
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mzee.

Mzee_wa_Krimpa
Sijakuomba. Bado nangoja uitoe ile "tu".

Kebo_Nyeupe
Samahani nimechelewa. Wewe Sufuri_na_Moja si ndiye uliyetuuliza mwaka jana kwa nini kebo yako ya Cat 6 inapoteza mtandao baada ya mita hamsini? Ukaambiwa kwangua waya mmoja kwa wembe, ukakuta ndani ni mweupe?

Sufuri_na_Moja
Hiyo inaingiaje hapa?

Kebo_Nyeupe
Inaingia kwa mlango wa mbele. Ulinunua alumini iliyopakwa shaba, na aliyekuokoa ni nani? Fundi wa waya.

Ploti_Namba_Nane
WEMBE 😂😂😂

Mama_wa_Kona
Hiyo alumini mimi imenila elfu kumi na mbili kwa maduka ya Luthuli. Katoni imeandikwa shaba tupu kwa herufi kubwa. Dalili ni gani kabla hujalipa? Dukani hawakubali ukwangue.

Mzee_wa_Krimpa
Inua katoni, mama. Ya shaba ni nzito, mkono unashtuka. Ya alumini unaibeba kama mkate. Halafu omba kipande cha kidole, kunja, kunjua, kunja tena. Alumini inakatika mapema, shaba inavumilia. Na ukiipitishia umeme wa kamera juu ya paa, ile ya alumini inapata moto. Nimewahi kutoa moja dari la mtu, ganda limelainika kama chapati.

Mama_wa_Kona
Ubarikiwe. Na ya kuweka nje kwa jua?

Mzee_wa_Krimpa
Ganda jeusi. Ile ya kijivu ya ndani jua la Nairobi halitaipa miaka miwili.

Paketi_Iliyopotea
Nimeandika aya tatu kuhusu kosa lenyewe na hakuna aliyeuliza hata swali moja. Wembe umepata watu kumi.

Jini_la_C
Mimi nilisoma, ndugu. Asante sana.

Paketi_Iliyopotea
Dada.

Jini_la_C
Oh. Pole, dada. Uliisomea wapi hii, kama si siri? Nadra kuona dada kwenye kerneli.

Paketi_Iliyopotea
Jini, soma tena ulichoandika halafu uniambie kina tofauti gani na "fundi wa waya tu".

Mzee_wa_Krimpa
Hapo umepigwa.

Jini_la_C
Nilikuwa nasifu!

Paketi_Iliyopotea
Sifu mstari wa kmalloc. Mwenye_Mnara, kijana amesema nini?

Mwenye_Mnara
Amesoma yote. Ameniambia GFP_ATOMIC ameshabadilisha na ameweka ile ya NULL. Kfree anaipanga, anataka muunganisho ukikaa dakika tano bila paketi uondolewe. Nimemwambia Jumamosi hii hakuna moduli, naweka ya Mzee: nftables na kota. Amenuna kidogo. Amesema nftables haimpi jedwali la nani ametumia nini saa ngapi, na hilo ndilo alilolipenda kwa yake. Sijui kama ni kweli au ni kununa.

Mzee_wa_Krimpa
Kaunta zipo, moja kwa kila anwani, anazisoma kila dakika na kuziandika faili. Hayo mengine ni kununa. Lakini usimvunje moyo, mpe ile kompyuta mbovu iliyobaki ajaribie. Kila mtaa una kompyuta mbovu iliyobaki.

Sufuri_na_Moja
Sawa. Naondoa "tu". Mafundi wa waya.

Ploti_Namba_Nane
Na "mhandisi"?

Sufuri_na_Moja
Hiyo nitaiondoa siku Bodi ikinipigia simu.

Kaa_Kimya
Kwa Rust, m isingekuwa NULL.

Mgeni_wa_Soko
Jamani mimi sijaelewa hata moja humu lakini niko Umoja karibu na soko. Hilo bando la usiku ni pesa ngapi, na linafika ploti za upande ule wa reli?

Mwenye_Mnara
Mbao, yaani shilingi ishirini, saa tatu hadi alfajiri. Upande wa reli bado, nangoja kebo. Ya shaba.