Mrejesho: Kumsamehe baba aliyetutelekeza

Ndugu zangu katika Kristo, nawashukuru kwa majibu yenu nilipouliza namna ya kumsamehe baba aliyetuacha hapa Mwanza nikiwa na miaka 7. Nilifuata ushauri wa dada aliyesema nisisubiri aombe radhi: kila usiku niliomba kwa Zaburi 27:10, inayosema kwamba Bwana humpokea aliyeachwa na baba na mama, kisha nikapanda meli kwenda Nansio kumwona. Nilimkuta akishona nyavu, mikono ikimtetemeka. Nilipomwambia nimemsamehe, aliinamisha kichwa asiseme neno, tukala ugali na sato kimyakimya. Ushauri wa kumpatanisha na mama haukufaulu, kwani mama hataki hata kulisikia jina lake, nami sikumlazimisha. Hasira bado hunirudia siku mojamoja, ila sasa usingizi naupata.