Kamba wekundu wananifia wakijivua gamba

BintiKisauni:
Asalaam aleikum jamani. Nina tangi la kioo la lita 40 sebuleni, lenye kamba wale wekundu wadogo wa mapambo na kichujio cha sponji. Amonia na nitriti, zile sumu za uchafu majini, zote sifuri. Tangu Kaskazi ipambe moto nawaokota wamekufa mmoja mmoja, na wote wana alama moja: mstari mweupe nyuma ya kichwa, umezunguka mwili kama pete. Maji ni ya kisima, na yakipungua naongeza hayo hayo. Mchana joto la maji hufika nyuzi 31. Tatizo ni joto au nini? Naumia kuwaona.

BabuMkungu:
Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Kamba mzima akijivua, gamba hupasuka mgongoni tu, pale kichwa kinapokutana na mwili, naye hujikunja akachomoka mara moja. Ufa ukizunguka mwili wote, gamba limekatika vipande viwili na mwenyewe amekwama katikati. Mara nyingi chanzo ni madini ya maji kutokuwa sawa, au kubadilika ghafla.

Sasa tazama kisima chako. Mombasa yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya chini yana chokaa nyingi, na visima vya karibu na bahari vina chumvi. Chokaa peke yake kamba hawa huvumilia. Lakini maji yakigeuka mvuke, madini hayaondoki nayo. Wewe unajazia ya kisima, kesho yanapungua tena, unajazia tena. Kwa macho ni maangavu, kumbe yanazidi kuwa mazito kila wiki. Tafuta kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka majini, uone. Kamba hawa 150 hadi 300 huwafaa.

Pengo la mvuke lijaze kwa maji yasiyo na madini: ya mvua, paa likishaoshwa na mvua za mwanzo, au ya mtungi yanayochujwa chumvi dukani. Na tafadhali usibadilishe nusu ya tangi kwa pupa. Hapo ndipo waliobaki hulazimika kujivua kabla ya wakati wao.

Joto nalo baya. Nyuzi 22 hadi 26 ndizo zao. Kwenye 31 wanajivua haraka mno na oksijeni majini inapungua. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au zaidi, ila mvuke utaongezeka, basi mtungi uwe karibu. Kisha watilie jani kavu la mkungu, lililoanguka lenyewe likawa kahawia. Watalipanda, watachuna utando wake kwa vile vikono mpaka ibaki mishipa mitupu. Tangi langu halikosi jani hilo.

LikoniKwetu:
Babu kamaliza, mimi naongeza dawa ya mbu. Za kupuliza na za koili nyingi zina sumu ya jamii ya pareto. Kamba yuko karibu na mdudu kuliko samaki, kidogo tu kinamuua, na pampu ya hewa huivuta sebuleni ikaipeleka majini moja kwa moja. Dawa za samaki zenye shaba pia zisikaribie.

BintiKisauni:
Shukran sana. Koili hatutumii, tunalala ndani ya chandarua. Nimeazima kipimo kwa jirani: kisima 900, tangi limepita 1,400! Na kuna jike ana mayai chini ya tumbo. Nimtenge?

BabuMkungu:
1,400! Basi ndiyo hiyo, bibie. Jike usimtenge, wala usimsumbue. Akijivua na mayai, huyatupa pamoja na gamba, kwa hiyo teremsha madini polepole: toa lita mbili kwa wiki, rudisha mchanganyiko wa kisima sehemu moja na mtungi sehemu tatu, yadondoke kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo. Mayai huchukua kama mwezi, kwa joto letu hupungua. Watoto wa hawa hutoka kamba kamili, si kama wa Amano, kamba wa aina nyingine, ambao wachanga wao wanataka maji ya chumvi. Magamba matupu yaache humo humo, watayala, ndiyo chokaa yao.