Choma ya tarehe 4 Julai hapa Lowell: mgeni akiumia kwangu, nitalipa mimi?

Mama Pacha

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri, maana jambo hili limeanza kuninyima usingizi. Tunakaa Lowell, Massachusetts, kwenye nyumba ya mbao ya orofa tatu, sisi tuko ya katikati. Mwaka huu ni zamu yangu kuwaalika watu wa chama siku ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Nimehesabu watu wazima 30 na watoto kama 15. Mbuzi wawili tumeshaagiza.

Mume wangu anataka kuchomea barazani kwetu huko nyuma, kwa sababu uwanja wa chini tunaugawana na majirani na magari yao hulala hapo. Shemeji anasema atavuka mpaka hadi Nashua, New Hampshire, alete fataki. Halafu binti ya dada yangu atakuja na wenzake wa chuo. Ana miaka 19, na nyumbani Kenya mtu wa umri huo anaagiza bia yake bila kuulizwa.

Mwaka jana kwa rafiki yetu mgeni aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono. Mpaka leo familia hizo mbili haziongei kwa sababu ya bili. Nina bima ya mpangaji, ila sijawahi kuisoma. Nikishasema "karibuni", nimejifunga kiasi gani?

Dereva wa Usiku

Fataki mwambie shemeji aache kabisa. New Hampshire zinauzwa dukani kihalali, lakini Massachusetts mtu wa kawaida haruhusiwi kuwa nazo za aina yoyote, hata vile vijiti vya cheche vya watoto. Risiti ya Nashua haikutetei, maana ukishavuka mpaka nazo umeshavunja sheria. Faini ya kuwa nazo ni dola 10 hadi 100, na polisi wanazichukua. Ni hela kidogo, najua. Lakini ikichomeka paa la jirani, hapo hutazungumzia dola 100 tena, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa.

Baba Wanjiru

Mama Pacha, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu jiko la choma ndilo lililoniunguza mimi, na nisingependa uyapitie.

Ilikuwa nyumba kama yako, orofa tatu, mbao tupu, baraza zimepangana moja juu ya nyingine. Tulichoma chini uwanjani, vizuri kabisa, hakuna aliyeumia. Saa nne usiku wageni wakaondoka. Niliangalia jiko, majivu yalikuwa meupe, nikapitisha kiganja juu yake, nikahisi uvuguvugu tu. Nikayamwaga kwenye pipa la plastiki la takataka, pipa lenyewe limesimama chini ya ngazi ya nyuma. Nikapanda kulala.

Saa tisa usiku mama wa chini akaanza kugonga ukuta na kupiga kelele kwa Kihispania. Nilipofungua mlango wa nyuma, ngazi ilikuwa inawaka mpaka nusu. Plastiki ya pipa ilikuwa imeyeyuka na kutiririka kwenye zege kama nta. Tuliwatoa watoto kwa mlango wa mbele na blanketi zao. Zimamoto walifika upesi, Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Lakini yule mama alipoteza dirisha, kochi, baiskeli mbili za wanawe na nguo zote zilizokuwa kwenye chumba cha nyuma. Mimi sikuwa na bima ya mpangaji. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi 14, na mkataba ulipoisha mwenye nyumba hakuurefusha. Kila nilipokutana na yule mama pale mlangoni alinisalimu vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo sikiliza. Nyumba yenye familia tatu, jiko haliwashwi barazani, liwe la mkaa au la gesi. Haliwashwi pia chini ya paa lililojitokeza, wala ndani ya futi 10 kutoka kwenye jengo. Ongea na majirani wiki moja kabla wasogeze magari, na wape nyama, wataelewa. Wakikataa, tafuta bustani ya manispaa yenye majiko yake, ila ulizia kibali mapema na ujue kwamba mbuga za jimbo haziruhusu pombe. Majivu yamwagie maji, yakoroge, yamwagie tena, kisha yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na ukuta, yalale humo siku mbili. Kaa linaweza kufa juu na likaishi chini.

Kuhusu bima, fungua ile karatasi leo. Tafuta sehemu mbili. Moja ni ya madhara unayodaiwa na wengine, mara nyingi huanzia dola 100,000. Ya pili ni ya matibabu madogo ya mgeni, kwa kawaida dola 1,000 hadi 5,000, na hiyo hulipa bila kuuliza kosa ni la nani. Ule mkono uliovunjika ungeweza kuanzia hapo bila watu kununiana. Na ngazi yenu ikiwa na ubao uliolegea, piga picha umtumie mwenye nyumba kwa maandishi sasa hivi, usisubiri Julai.

Nesi wa Zamu

Naongezea upande wangu. Vile vijiti vya cheche watu huona ni mchezo, lakini huwaka kwa joto la nyuzi kama 1,100 za Selsiasi. Maji yanachemka kwa 100. Cheche zikizimika, waya bado ni moto, mtoto anauangusha na mwenzake peku anaukanyaga. Akiungua, maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, yai hapana. Nimeshasugua dawa ya meno kutoka kwenye kiganja cha mtoto wa miaka minne huku analia akimwita bibi yake, na bibi ndiye aliyeipaka kwa nia njema.

Pia watoto wakienda kucheza kando ya Mto Merrimack hapa Lowell, mteue mtu mzima mmoja wa kuangalia watoto tu, bila simu, bila chupa, mkipokezana kila nusu saa. Watu wazima 30 wakiwa pale, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia.

Mama Pacha

Baba Wanjiru, pole sana. Na asanteni wote. Baraza tumeliacha, mume wangu amesoma hapa mwenyewe. Je, bia? Kila mtu akija na yake, mimi niko nje?

Baba Wanjiru

Kwa watu wazima, inasaidia. Mahakama kuu ya jimbo hili tangu 1986 imekubali kwamba mwenyeji anayemmiminia mgeni aliyelewa waziwazi anaweza kudaiwa mgeni huyo akigonga mtu barabarani. Mwaka 2012 ikakataa kumbebesha mzigo huo mwenyeji ambaye pombe si yake na wala haikuwa mikononi mwake.

Lakini kwa binti na wenzake ni kesi nyingine. Hapa umri ni 21. Ukiwapa, au ukiwaacha wanywe kwenye nyumba unayoisimamia, hata kama chupa wamekuja nazo, ni jinai: faini hadi dola 2,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kama kuna mwenye viza kati yao, kukamatwa akiendesha amelewa kunaweza kumfutia viza kabla hata kesi haijaamuliwa.

Mpigie dada yako simu kabla ya siku yenyewe, aongee na binti yeye. Funguo za gari zikusanye mlangoni wakiingia, si wakitoka.

Mama Pacha

Nimempigia. Amekubali, na binti ameomba asimamie watoto mtoni na wenzake kwa zamu. Jirani wa chini naye atasogeza gari, ameuliza tu kama kutakuwa na kachumbari.