NBC waliizika Fear Itself ikiwa hai, na mimi hasira haijaisha mpaka leo

Wakuu habari za saa hizi,

Juzi umeme uliporudi usiku nikamwekea mdogo wangu Skin and Bones, ile episodi ya Fear Itself, sirizi ya kutisha ya stesheni ya NBC ya Marekani, ya baba aliyepotea milimani halafu anarudi kwenye ranchi yake amebaki mifupa mitupu. Mdogo wangu si mtu wa kutishika kirahisi, lakini pale jamaa amelazwa kitandani, macho yamezama, mbavu unazihesabu moja moja, halafu anageuza shingo taratiiibu, dogo akavuta shuka mpaka puani. Yule ni Doug Jones jamani, mwembamba vile kwa asili yake na anajua kuutumia kila mfupa alionao. Ikaisha, dogo akauliza kitu kimoja tu, "kaka, sizoni 2 unayo?"

Aisee. Hasira zote za 2008 zikarudi.

Sizoni 2 haipo. Na hiyo sizoni 1 yenyewe NBC hawakuimaliza kuirusha. Zilitengenezwa hadithi 13, wakaonyesha 8, tano wakazifungia kabatini. Watu wanasema "ilikatwa" kama vile ni sirizi iliyokwama katikati ya kurekodi, hapana, kazi ilikuwa imeshafanyika, chakula kimeiva kiko sufuriani na wageni wamekaa mkekani, halafu mwenye nyumba anafunika sufuria anazima taa.

Kwa ambao hamkuifuatilia, Mick Garris, jamaa aliyeiunda Fear Itself, alianza na Masters of Horror pale Showtime mwaka 2005, kebo ya kulipia, sizoni mbili, hadithi 26, kila hadithi ina dairekta wake wa sinema za kutisha na haina tangazo hata moja katikati. Baada ya hapo wazo lile likahamia NBC likawa ndio hii Fear Itself, stesheni ya bure ambayo mtu yeyote mwenye antena anaipata, na mimi nikafurahi kupita maelezo kwa sababu wakati ule nilikuwa Columbus, Ohio, nabeba maboksi ghalani, kebo ya kulipia naisikia kwa watu tu. Nilikuwa na tivii ya kuokota na antena nimeifunga waya wa nguo. Alhamisi saa 4 usiku nimekaa. Nilibadilishana shifti na Mhabeshi mmoja wiki nane mfululizo kwa ajili ya hiyo saa moja.

Sasa angalieni walivyoifanya.

Kwanza wameanza tarehe 5 Juni. Kiangazi! Jua la kule mwezi wa sita linazama saa 3 usiku, watu wako nje wanachoma nyama, wewe ndio unawaletea vampaya kwenye ngome yenye theluji. Oktoba yote ipo, mwezi ambao Wamarekani wenyewe wanatafuta vitu vya kuogopesha kwa pesa zao, hawakuuona. Ile hadithi ya kwanza, The Sacrifice, kwa maoni yangu ndio dhaifu kuliko nyingi zilizofuata, na ndio wameiweka mlangoni imkaribishe mgeni.

Halafu Eater. Hii ndio inaniumaga zaidi. Stuart Gordon ameongoza, Elisabeth Moss ni askari mgeni kabisa kazini, usiku mmoja kituoni analinda mahabusu anayekula watu, na unaanza kuhisi wale askari wenzake wanaopita kwenye korido sio wale wale wa dakika kumi zilizopita. Kituo kimoja, korido moja, taa mbovu, basi, na unatetemeka. Hiyo ndiyo ya kufungulia sirizi. Wao wakairusha tarehe 3 Julai, usiku wa kuamkia sikukuu yao ya uhuru, wakati nusu ya nchi iko barabarani na nusu nyingine inanunua fataki! Wiki iliyofuata hamna kipya. Tarehe 17 Julai ndio wanaleta New Year's Day, hadithi ya mwaka mpya, katikati ya joto la Julai. Hivi mtu aliyekuwa anapanga hii ratiba alikuwa anasoma hata vichwa vya hadithi kweli?

Na matangazo sasa. Saa moja ya stesheni ya bure ukitoa matangazo unabaki na dakika 42 hivi. Sinema ya kutisha inataka kukukaba pole pole, ile shingo inageuka, pumzi umeibana, mara paa, gari jipya linapita kwenye barabara ya mlimani na muziki wa furaha. Ukirudi hofu imeshapoa inabidi muanze upya kuipasha moto. Kuna watu wanatetea eti sheria za kule zinabana stesheni za bure. Sikilizeni, ile sheria ya uchi na matusi inabana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, na hii sirizi ilikuwa inaanza hiyo hiyo saa 4, na damu wala haimo kwenye hiyo sheria. Anayeogopa damu ni mwenye tangazo, na stesheni inamwogopa mwenye tangazo kuliko inavyomheshimu mtazamaji.

Tarehe 31 Julai ikatoka hiyo Skin and Bones, ya nane. Nikalala na taa inawaka, mtu mzima mimi. Agosti ikaingia Olimpiki ya Beijing ambayo NBC ndio walikuwa na haki zake, sawa, nikaelewa, Phelps anaogelea anachukua dhahabu zake 8, nani atakatisha ile. Nikasubiri. Michezo ikafungwa tarehe 24. Alhamisi iliyofuata nimekaa na antena yangu saa 4, hamna. Nyingine, hamna. Hakuna tangazo, hakuna samahani, hakuna hata mstari mmoja unapita chini ya skrini. Nilikaa hivyo karibu wiki tano nikimwambia yule Mhabeshi "labda wiki hii".

Najua hesabu yao, antholojia, yaani sirizi ya kila wiki hadithi mpya, ni ghali, kila wiki waigizaji wapya, seti mpya, dairekta mpya, huna sebule moja ya kurekodia sizoni nzima, na mtazamaji hana mhusika wa kumrudia. Sawa. Lakini hizo gharama zilishalipwa! Kule Edmonton, Kanada, walisharekodi wakamaliza. Na uzuri wa antholojia ndio huo, kila hadithi inasimama yenyewe kama ngano za bibi, leo ya zimwi kesho ya sungura, aliyekosa ya jana hapotei. Ungeweza kuchukua The Spirit Box, moja ya zile tano, ukaibandika usiku wowote, hata saa 7 usiku baada ya taarifa ya habari, hata Krismasi. Hawakutaka tu.

Na hawa hawa NBC sio mara ya kwanza. Night Gallery ya Rod Serling, mzee aliyetupa Twilight Zone hadithi 156 pale CBS, iliisha 1973 baada ya kupunguzwa kutoka saa moja mpaka nusu saa. Halafu Universal, kampuni iliyoitengeneza, walipoiuza kwa stesheni ndogo kurudiwa, zile episodi za saa moja zikakatwakatwa ziingie nusu saa, nyingine zikajazwa vipande visivyo vyake, na juu yake wakachomeka episodi za sirizi nyingine kabisa, The Sixth Sense, zikapewa utangulizi wa Serling. Miaka na miaka watu wameangalia mabaki wakadhani ndio kazi ya yule mzee.

Fear Itself zote 13 zilitoka kwenye DVD mwaka 2009, na kwenye boksi wameandika ni sizoni ya kwanza kamili. Ya kwanza! Nilinunua siku ile ile nilipoiona dukani nikaziangalia zile tano usiku mmoja, na Chance ya John Dahl, jamaa anakutana na mtu anayefanana naye kama pacha, ni bora kuliko vitu vingi walivyoturushia kiangazi kile.

Sasa mtu akija kwenye uzi huu kuniambia "mkuu ilikosa watazamaji", naomba anijibu kwanza, Chance pale NBC ilikosa watazamaji siku gani, tarehe ngapi, saa ngapi?